Kabla ya kumeza dawa za taifodi, uliza kama viini vimeoteshwa

Hakuna wiki inayopita bila mtu kuketi mbele yangu na kuniambia, "Daktari, nina taifodi tena." Huenda ni karani wa ofisi, mwanafunzi wa chuo au mama anayeuza mboga sokoni. Mkononi ana karatasi ndogo ya maabara iliyoandikwa 1:80 au 1:160, na chini yake mhuri. Alitumia dawa za wiki mbili mwezi wa tatu, akatumia nyingine mwezi wa saba, na sasa, anavyosema yeye, ugonjwa "umerudi."

Nami humuuliza swali moja kabla sijamshika mkono kupima mpigo wa damu: je, kuna mtu aliyewahi kuviotesha viini vyako? Wengi hunitazama kana kwamba nimeanza kuwauliza habari za shamba.

Basi makala ya leo ni ya shamba hilo. Nimeona afadhali niyaandike haya magazetini maana dakika 15 za mgonjwa chumbani hazitoshi kuyaeleza, na kwa sababu naamini pesa nyingi zinapotea, na watu wanaumia, kwa kipimo kimoja ambacho tumekizoea kupita kiasi.

Kipimo hicho huitwa Widal, kwa jina la daktari Mfaransa Fernand Widal aliyekieleza mwaka wa 1896. Mtaalamu wa maabara huchukua maji ya damu yako, akayachanganya na tone lenye viini vilivyokwisha kuuawa, akatikisa kibao na kutazama kama vitashikamana vidonge vidonge. Dakika chache tu, umepata majibu. Lakini ona, msomaji, kile kinachotafutwa. Widal haimtafuti adui mwenyewe. Inatafuta kinga ambayo mwili wako uliwahi kuitengeneza dhidi yake, au dhidi ya jamaa zake. Mtu aliyeugua homa ya matumbo zamani akapona, mtu aliyepatwa na aina nyingine za Salmonella zisizoleta homa hiyo, hata mtu ambaye shida yake ni malaria, anaweza kutoa majibu yale yale. Katika miji yetu, ambako maji ya kunywa na maji machafu wakati mwingine hupitia mtaro mmoja, ni wangapi kati yetu ambao miili yao haijawahi kukutana na viini vya ukoo huu?

Vitabu vyenyewe vinasema kwamba Widal ina maana zaidi ikifanywa mara mbili, siku kati ya 10 na 14 zikiwa katikati, na kiwango kiwe kimepanda angalau mara nne. Je, wewe umewahi kuitwa urudi kwa kipimo cha pili? Katika miaka yangu yote ya kazi sikumbuki mgonjwa hata mmoja aliyeniletea karatasi mbili.

Nisijifanye malaika. Mimi pia nimeagiza Widal, tena mara nyingi. Ni rahisi, ni ya haraka, na mgonjwa aliyelipa pesa zake anataka kuondoka na jina la ugonjwa. Daktari anayesema "bado sijui" huonekana hajasoma. Kijana aliyenifanya niache tabia hiyo alikuwa dereva wa matatu. Alikuja kwangu akiwa ametibiwa homa ya matumbo mara tatu katika kliniki mbalimbali kwa muda wa miezi mitatu, mara ya mwisho kwa sindano za siku saba. Kila Widal ilisema ndiyo. Homa ilikuwa ikija jioni, usiku shati linalowa jasho, na mshipi wa suruali alikuwa ameutoboa matundu mawili mapya. Alikuwa akikohoa, lakini hakuna aliyemuuliza habari za kikohozi kwa kuwa jina la ugonjwa lilikuwa limekwisha kupatikana. Makohozi yake yalipopimwa kwa mashine, alikuwa na kifua kikuu. Tulipowaita watu wa nyumbani kwake, mtoto wake wa miaka miwili naye alikuwa nacho.

Wote wawili walipona. Lakini miezi ile mitatu, baba akimbeba mtoto kifuani, ilitokana na karatasi yenye tarakimu mbili.

Sisemi kwamba homa ya matumbo ni hadithi. La hasha. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2012, ambao watafiti waliotesha damu ya wagonjwa huko Kibera na Lwak katika Kaunti ya Siaya, ulionyesha kwamba ugonjwa huu upo, kwamba Kibera ulikuwa mwingi kuliko kule mashambani, na kwamba watoto ndio walioumia zaidi. Mwezi Julai mwaka wa 2025 nchi yetu ilifanya kampeni ya kuwachanja watoto wa kuanzia miezi tisa hadi miaka 14. Hakuna serikali inayochanja dhidi ya hadithi. Ninachosema ni kwamba tunawaita wagonjwa wa homa ya matumbo watu wasiokuwa nao, na huenda walio nao kweli wanatupita.

Sasa kuotesha ni nini? Viini ni kama mbegu. Ukivipa chakula, unyevu na joto la mwili wa binadamu, kiini kimoja huzaa viwili, viwili huzaa vinne, na kufika kesho yake asubuhi kizazi cha kiini kimoja kimekuwa doa linaloonekana kwa macho. Wataalamu wa Ujerumani katika miaka ya 1880, waliofanya kazi na Robert Koch, walihangaika kupata chakula kigumu cha kuvioteshea. Jelatini iliyeyuka kwenye joto la mwili, na viini vingine viliila. Aliyewaokoa ni mwanamke, Fanny Hesse, mke wa mmoja wa watafiti hao, ambaye jikoni kwake alikuwa akitumia agari, unga unaotokana na mwani wa baharini, kugandishia vyakula vitamu. Agari haiyeyuki katika joto la mwili, na viini vingi haviwezi kuila. Mwaka wa 1887 Julius Richard Petri akaeleza sahani yake yenye kifuniko, na mpaka leo ukiingia maabara yoyote utaikuta sahani hiyo na agari ile. Mara nyingi najiuliza sayansi ingechelewa kwa miaka mingapi kama mama yule asingekuwa hodari wa kupika.

Damu ya mtu mzima haina viini, kwa hiyo ukiitia katika chupa ya supu ya viini na kitu kikaota, umepata jambo la kuchunguza. Kinyesi ni habari nyingine. Gramu moja tu ina bakteria wapatao bilioni 100, karibu wote wakiwa wakaazi halali wa utumbo wako. Ukipaka kinyesi kwenye agari ya kawaida, kila kitu kitaota, na viini vichache vya homa ya matumbo vitamezwa kama mtoto aliyepotea Gikomba siku ya Jumamosi. Ndipo wataalamu wakabuni chakula chenye ubaguzi. Huu ndio ubaguzi pekee ninaouunga mkono.

Mwingereza Alfred MacConkey, aliyekuwa akishughulikia uchafuzi wa maji taka mwanzoni mwa karne ya 20, alitia chumvi za nyongo katika chakula chake. Fikiri jinsi alivyokuwa mwerevu: viini vinavyoishi utumboni vimeizoea nyongo, vingi vya kwingine haviiwezi. Baadaye ikaongezwa rangi ya zambarau inayozuia kundi jingine zima lisiote. Kisha ikatiwa sukari ya maziwa pamoja na rangi inayogeuka nyekundu palipo na uchachu. Viini vya kawaida vya utumbo huila sukari hiyo, vikatoa uchachu, madoa yao yakawa mekundu kama juisi ya zambarau iliyoiva. Salmonella na viini vya kuhara damu haviili sukari hiyo. Madoa yake hubaki bila rangi. Kwa mtazamo mmoja mtaalamu anajua ni doa gani la kuligusa.

Ipo sahani nyingine inayoitwa XLD, iliyotangazwa mwaka wa 1965 na Mmarekani mweusi, Welton Taylor, ambaye kabla ya hapo alipigana katika Vita vya Pili vya Dunia. Hii ni nyekundu tangu mwanzo. Wakaazi wa kawaida wa utumbo huigeuza kuwa ya manjano. Salmonella huiacha nyekundu, na kwa kuwa hutoa hewa yenye harufu ya yai viza ambayo hukutana na madini ya chuma yaliyotiwa humo, katikati ya doa huwa peusi kama mboni ya jicho. Kiini cha homa ya matumbo chenyewe huwa na weusi hafifu, pengine usionekane kabisa, na asiyejua hilo anaweza kukipita. Kipindupindu nacho kina sahani yake, TCBS, iliyobuniwa na Wajapani. Hiyo ina chumvichumvi ya magadi nyingi kiasi ambacho viini vingi haviwezi kustahimili, na kiini cha kipindupindu huota juu yake madoa ya manjano. Kila mlipuko wa kipindupindu tunaousikia unathibitishwa kwa kazi ya namna hii, ingawa redio hazimtaji mtu aliyeiamkia sahani ile alfajiri.

Mzee mmoja wa maabara alinifundisha kutozipapia sahani hizi. Nilikuwa daktari mwanagenzi katika hospitali moja ya wilaya, na asubuhi moja niliona madoa yasiyo na rangi kwenye agari ya MacConkey, nikapiga kelele kwamba nimepata homa ya matumbo. Mzee akacheka, akaninusisha sahani nyingine ya mgonjwa huyo huyo. Harufu ile sitaisahau. "Huyu ni Proteus, kijana wangu," akasema. "Naye haili sukari ya maziwa. Sahani imekuonyesha mshukiwa, haijakuonyesha mwizi." Baada ya sahani kuna vipimo vya kuthibitisha, vya sukari nyingine na vya maji yenye kinga maalumu, na hivyo huchukua siku nyingine. Siku hizi nikipata majibu ya "kuotesha" yaliyotoka siku ile ile, simu yangu ya kwanza ni ya kuuliza ni miujiza gani imetumika.

Faida kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, huja mwishoni kabisa. Kiini kikishapatikana kikiwa hai, hupakwa kwenye sahani nyingine, kisha juu yake huwekwa viduara vya karatasi vilivyoloweshwa dawa mbalimbali. Asubuhi yake, dawa inayofanya kazi huwa imezungukwa na uwanja mtupu. Isiyofanya kazi, viini vimeota mpaka ukingoni mwa karatasi. Widal haiwezi kukuambia hayo. Wala kile kipimo cha kinyesi cha mistari ambacho kliniki nyingi zimekikimbilia katika miaka ya karibuni hakiwezi, hata kama kinaonekana cha kisasa.

Na hayo tunayahitaji sana. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa hapa Kenya wameripoti viini vya homa ya matumbo visivyosikia ampisilini, kloramfenikoli wala kotrimoksazoli, dawa ambazo kwa wazazi wetu zilikuwa kama mkuki. Tukahamia siprofloksasini, nayo imeanza kulegea. Huko Pakistan, katika jimbo la Sindh, mwaka wa 2016 ulizuka mlipuko wa viini ambavyo hata seftriaksoni haviisikii. Kila mara mtu mwenye mafua na Widal ya 1:80 anapouziwa siprofloksasini za siku tano, tunavifundisha viini vya tumboni mwake jinsi ya kupigana nasi.

Mwaka uliopita mama mmoja wa Mukuru aliniletea binti yake wa miaka saba. Homa siku ya nane, kichwa kinamuuma, tumbo limejaa, malaria hakuna. Mkobani alikuwa na vidonge vya siprofloksasini alivyouziwa kwenye duka la dawa, lakini hakuwa amempa mtoto. "Nilitaka kwanza nikuulize, daktari," akasema. Nilishukuru sana, maana dawa ikishaingia mwilini viini hufichama na kuotesha huwa kazi bure. Tulichukua damu, tukaipeleka chupa katika maabara kubwa, na papo hapo nikamwanzishia mtoto azithromaisini. Siku ya tatu simu ikalia. Salmonella Typhi, kweli. Dawa tatu za zamani, hazifai. Siprofloksasini, dhaifu. Azithromaisini na seftriaksoni, nzuri. Siku ya tano homa ikashuka. Kama angemeza vile vidonge vya mkobani, huenda angefika wiki ya tatu akiwa bado anaugua, na wiki ya tatu ndiyo ambayo homa ya matumbo hupenda kutoboa utumbo. Nimewahi kumwona mtoto aliyefikia hapo. Sitaki kueleza.

Najua wenzangu watakaonijibu. Watasema kuotesha ni ghali, ni kazi ya siku tatu hadi wiki, na mgonjwa hawezi kungoja. Kweli. Watasema pia kwamba hata damu ikioteshwa vizuri, karibu wagonjwa wanne katika kila kumi wenye homa ya matumbo hawataonekana. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo maana majibu ya "hakuna kilichoota" hayamfungi daktari mikono. Lakini hakuna aliyesema tungoje. Chukua damu kwanza, anza dawa ukimwona mgonjwa anazidiwa, kisha uirekebishe majibu yakija. Kilichokosekana hapo ni chupa na mahali pa kuipeleka.

Mahali hapo ndipo penye kisa. Tangu mwaka wa 2013 afya imekuwa mikononi mwa serikali za kaunti, na tumeona majengo yakipakwa rangi na magari ya wagonjwa yakizinduliwa kwa utepe. Ni mara ngapi umemwona gavana akizindua kabati la joto la kuoteshea viini? Kabati hilo halipendezi kwenye picha. Linahitaji umeme usiokatika usiku, agari ambayo haijapita tarehe yake, na mtaalamu wa maabara anayelipwa vya kutosha kurudi Jumapili kutazama sahani zake. Ningependa kuona kila hospitali kuu ya kaunti ina meza hiyo moja, inayopokea chupa kutoka zahanati zote zinazoizunguka. Sitaki kila zahanati ioteshe, itakuwa fujo. Na Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba mwaka wa 2024, itambue kwamba kulipia chupa moja ya damu ni nafuu kuliko kulipia sindano za siku saba kwa ugonjwa ambao haupo, au upasuaji wa utumbo uliotoboka.

Sisi wenye kliniki za kibinafsi nasi tuache kujificha. Widal hutuletea faida ndogo ya haraka, na dawa zinazofuata hutuletea nyingine. Mgonjwa anayerudi kila miezi minne na "taifodi" yake ni mteja mzuri sana. Nalisema hili nikijua kuna watakaonuna.

Nawe msomaji, homa ikikushika zaidi ya siku tatu na malaria haikuonekana, usipitie dukani kwanza. Ukiambiwa una homa ya matumbo, uliza kwa heshima: mmeona kinga au mmeona kiini chenyewe? Uliza kama damu inaweza kuchukuliwa kabla ya dawa, na usishangae mtu mzima akichukuliwa karibu mililita 10, kwa kuwa viini ndani ya damu huwa vichache. Damu huonyesha vizuri zaidi wiki ya kwanza. Kinyesi huanza kusaidia baadaye, na kipelekwe mapema kabla hakijakaa kwenye jua ndani ya matatu. Ukiambiwa majibu yatakuwa tayari baada ya dakika 10, basi ujue walichofanya si kuotesha.